Mazingira na Mifumo-Ikolojia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hurudi tena na tena kila mazingira yanapofundishwa au kujadiliwa. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yenye utata, na kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali imetajwa ili msomaji alirejee. Mwenye haraka asome angalau swali la 4, kwa kuwa makosa mengi yanayosahihishwa humu huanzia kwenye kuchanganya mambo mawili yanayoelezwa pale, yaani nishati na maada.

## Misingi

1. Kuna tofauti gani kati ya mazingira, ikolojia na mfumo-ikolojia?

Mazingira ni vyote vinavyomzunguka kiumbe na kumwathiri: hewa, maji, udongo, mwanga, joto, na viumbe wengine. Ikolojia ni elimu inayochunguza mahusiano ya viumbe hai wao kwa wao, na pia baina yao na mazingira hayo. Jina lake lilitungwa mwaka 1866 na mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel.

Mfumo-ikolojia ni jumuiya ya viumbe wa mahali fulani pamoja na vitu visivyo hai vya mahali hapo, vyote vikitazamwa kama kitu kimoja kinachofanya kazi. Dhana hii ililetwa mwaka 1935 na Mwingereza Arthur Tansley, aliyeona kwamba haifai kuwachunguza mimea na wanyama kana kwamba udongo, maji na hewa ni jukwaa tu wanalosimama juu yake. Udongo wenyewe hutengenezwa na viumbe kama vile unavyowalisha.

Sayansi ya mazingira ni pana zaidi ya ikolojia. Huchota katika kemia, fizikia, jiolojia na hata uchumi, kwa sababu uchafuzi wa mto hauwezi kueleweka kwa biolojia peke yake.

2. Mfumo-ikolojia una ukubwa gani, na mpaka wake uko wapi?

Hauna ukubwa maalumu. Gogo linalooza ni mfumo-ikolojia, na bahari nzima vilevile. Mpaka huwekwa na mchunguzi kulingana na swali alilo nalo, na ni lazima akumbuke kwamba mpaka huo unavuja.

Mfano unaoonyesha jinsi unavyovuja ni wa vumbi. Katika bonde kavu la Bodélé nchini Chad, lililokuwa zamani sakafu ya ziwa kubwa, upepo huinua vumbi laini na kulivusha Bahari ya Atlantiki. Sehemu ya vumbi hilo huanguka katika msitu wa Amazon, huko Amerika Kusini, ikiupelekea fosforasi ambayo mvua nyingi za huko huiosha daima kutoka udongoni. Anayechora mpaka wa msitu huo kwenye ukingo wa miti yake atakosa kuona mojawapo ya vyanzo vya rutuba yake.

3. Makazi na nafasi ya kiikolojia si kitu kimoja?

Hapana. Makazi ni mahali kiumbe anapoishi. Nafasi ya kiikolojia ni namna anavyoishi mahali hapo: anakula nini, wakati gani, analiwa na nani, anahitaji joto na unyevu kiasi gani. Ndege wa aina mbili wanaweza kuishi katika mti mmoja kwa amani kwa sababu mmoja hudonoa wadudu chini ya magome na mwingine hula matunda. Wangekuwa na nafasi moja kabisa, na chakula kikawa haba, mmoja wao angeelekea kumwondoa mwenzake.

## Nishati na maada

4. Ina maana gani kusema kwamba nishati hupita na maada huzunguka?

Nishati huingia katika mifumo-ikolojia mingi ikiwa mwanga wa jua. Mimea, mwani na baadhi ya bakteria huifunga ndani ya sukari kwa njia ya usanisinuru, na hivyo huitwa wazalishaji. Walaji huipata kwa kuwala wazalishaji au kuwala walaji wengine. Katika kila hatua, sehemu kubwa ya nishati hiyo hugeuka joto, nalo joto hutawanyika hadi likapotea angani. Hakuna kiumbe awezaye kulikusanya tena na kulitumia kama chakula. Ndiyo maana jua halina budi kuchomoza kila siku. Mfumo hauwezi kuishi kwa nishati ya jana isipokuwa ile iliyohifadhiwa katika miili na mabaki.

Maada haifuati njia hiyo. Atomi za kaboni, naitrojeni na fosforasi zilizopo duniani ni karibu zilezile tangu zamani, na hupokezanwa. Atomi ya kaboni iliyomo katika ukucha wa msomaji ilikuwa katika chakula, kabla ya hapo katika jani, na kabla ya hapo ilielea hewani ndani ya kabonidayoksaidi, yaani hewa ya ukaa. Ikitoka mwilini itaendelea na safari.

Kutokana na hili, kitendo tunachokiita kutupa hakipo katika sayansi ya mazingira. Kilichotupwa kimehamishwa tu, na swali la kuuliza ni kimekwenda wapi na nani atakutana nacho (tazama swali la 14).

5. Kwa nini wanyama wawindaji wakubwa huwa wachache?

Kwa sababu ya upotevu wa nishati ulioelezwa katika swali la 4. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman alichapisha uchunguzi wake wa ziwa dogo, akionyesha jinsi nishati inavyopungua kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine. Kanuni ya makadirio inayotumika tangu wakati huo ni kwamba takriban asilimia 10 ya nishati ya ngazi moja ndiyo hujenga miili ya ngazi inayofuata. Kiwango halisi hutofautiana sana kati ya mfumo na mfumo.

Tukianza na kilojuli 10,000 katika majani, walao majani watajenga miili yenye takriban 1,000, wanaowala hao 100, na wanaowala hao wa mwisho 10. Baada ya ngazi nne au tano hakibaki kitu cha kumlisha mnyama mwingine mkubwa. Simba hawawi wachache kwa sababu ya uvivu wa kuzaa. Chakula kinachowafikia ni kidogo.

6. Mnyororo wa chakula na mtandao wa chakula vinatofautianaje?

Mnyororo ni njia moja: nyasi, panzi, chura, nyoka. Mtandao ni njia zote zilizopo mahali hapo kwa pamoja, pamoja na viumbe wanaokula vitu vya ngazi tofauti. Mnyororo ni zana ya kufundishia. Kinachokutwa uwandani ni mtandao.

7. Ni nini hasa hutokea jani linapooza?

Swali hili huulizwa kwa haraka, kana kwamba kuoza ni mwisho wa habari, ilhali katika misitu mingi sehemu kubwa zaidi ya majani hailiwi na mnyama yeyote ikiwa mbichi, bali huishia kwa waozeshaji. Inafaa kulitazama jani lenyewe.

Okota jani lililolala majuma kadhaa juu ya udongo wenye unyevu na uligeuze. Rangi yake imekuwa kahawia, na mvua za kwanza zimeshaosha sukari na potasiamu iliyokuwa ndani yake. Upande wa chini kuna nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zilizotambaa na kuligandisha kwenye jani la jirani. Hizo ni kuvu. Kuvu hawana kinywa wala tumbo. Humwaga vimeng'enya, yaani kemikali za kumeng'enya chakula, nje ya miili yao, vikaivunja selulosi iliyojenga kuta za jani palepale, kisha hufyonza kinachoyeyuka. Kwenye kingo kuna matundu yaliyotafunwa na majongoo na wadudu wadogo. Hao hunyonya sehemu ndogo tu ya lishe, lakini kwa kulikata jani vipandevipande hufungulia bakteria na kuvu milango mingi zaidi.

Mwishoni hubaki wavu wa mishipa, kwa sababu mishipa ina lignini, kitu kigumu ambacho ni waozeshaji wachache, hasa baadhi ya kuvu, wanaoweza kukivunja vizuri. Kwa wakati huo kaboni nyingi ya jani imesharudi hewani, naitrojeni na fosforasi zimegeuka chumvi zinazoweza kufyonzwa na mizizi, na masalia meusi yamekuwa mboji.

Mahali palipojaa maji yasiyo na oksijeni, kazi hii hukwama na mabaki ya mimea hurundikana kwa maelfu ya miaka. Ardhioevu za namna hiyo hufunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo katika mimea ya misitu yote duniani. Zikikaushwa, oksijeni huingia na uozeshaji uliosubiri karne nyingi huanza.

8. Ikiwa hewa imejaa naitrojeni, kwa nini mimea huikosa?

Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, lakini atomi zake mbilimbili zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba mimea haiwezi kuzitenganisha. Inahitaji naitrojeni iliyokwisha kufungwa na hidrojeni au oksijeni. Kazi hiyo hufanywa na radi kwa kiasi kidogo, na kwa kiasi kikubwa na bakteria, wakiwamo wale wanaoishi katika vifundo vya mizizi ya mimea jamii ya kunde, ambao hupewa sukari na mmea nao huulipa kwa naitrojeni. Bakteria wa aina nyingine huirudisha hewani, na mzunguko ukakamilika.

Binadamu ameuongezea mzunguko huo mlango mpya. Mwaka 1909 Fritz Haber alifaulu maabarani kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, kutokana na naitrojeni ya hewa, na kufikia mwaka 1913 Carl Bosch alikuwa ameifanya kuwa kazi ya kiwanda. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani leo hulishwa na mazao yanayotegemea mbolea hiyo. Manufaa yake ni makubwa mno na hayapaswi kubezwa. Hata hivyo mbolea ambayo mazao hayakuichukua haitoweki. Sehemu hushuka mitoni na sehemu hugeuka oksidi ya naitrasi, gesijoto (gesi inayozuia joto la ardhi lisitoke) yenye nguvu.

9. Je, ni kweli kwamba misitu ni mapafu ya dunia na bila hiyo tutakosa oksijeni?

Kwa maana hiyo, si kweli. Msitu uliokomaa hutoa oksijeni nyingi mchana, lakini miti yenyewe, wanyama wake na waozeshaji wake hutumia karibu yote hiyo katika kupumua. Aidha, takriban nusu ya usanisinuru wa dunia hufanyika baharini, ndani ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoelea karibu na uso wa maji. Oksijeni tuliyo nayo, asilimia 21 ya hewa, ni akiba iliyojengwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka kila mara sehemu ndogo ya mabaki ya viumbe ilipozikwa bila kuoza.

Tunalisema hili si kwa kuipunguzia misitu thamani, bali kwa sababu hoja dhaifu huangusha kazi njema. Sababu za kweli zinatosha: misitu imeshika kaboni ambayo ikiachiliwa itaongeza joto, hurudisha mvuke angani na kuleta mvua mbali na bahari, huzuia mmomonyoko, na huhifadhi sehemu kubwa ya spishi, yaani aina za viumbe, za nchi kavu.

## Viumbe na idadi yao

10. Uwezo wa mazingira kubeba viumbe ni nini, na ukizidishwa hutokea nini?

Ni idadi ya viumbe wa spishi fulani ambayo mahali fulani panaweza kuitunza kwa muda mrefu bila kuharibika. Inaweza kuzidishwa kwa muda, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa wanaozidi huila akiba yenyewe badala ya mazao yake.

Mfano ulioandikwa vizuri ni wa kisiwa cha St. Matthew katika Bahari ya Bering, Alaska. Mwaka 1944 walipelekwa huko kulungu 29 wa nchi za baridi. Hapakuwa na mnyama wa kuwawinda, na ardhi ilikuwa na zulia nene la kuvumwani, viumbe vinavyoundwa na kuvu na mwani kwa pamoja na vinavyokua polepole mno. Kufikia mwaka 1963 walikuwa 6,000. Kuvumwani ilikuwa imeliwa na kukanyagwa, na majira ya baridi yaliyofuata yakawa makali. Mwaka 1966 walihesabiwa 42, karibu wote majike, na baadaye wakatoweka kabisa.

11. Spishi mhimili ni ipi?

Ni spishi ambayo athari yake ni kubwa kuliko wingi wake unavyoashiria. Dhana hii ilitokana na kazi ya Robert Paine katika pwani ya mawe ya jimbo la Washington, Marekani. Kuanzia mwaka 1963 aliwaondoa viti vya pweza wote katika kipande cha pwani na kuacha kipande cha jirani kama kilivyokuwa. Viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, hula kome. Walipokosekana, kome walienea na kuwasukuma wengine kutoka kwenye mawe, na katika taarifa yake ya mwaka 1966 aliandika kwamba spishi 15 zilizokuwapo zilikuwa zimebaki 8.

Mfano wa Serengeti unafundisha zaidi, kwa kuwa mhimili pale haukuonekana kwa macho. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na ukawa unaua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa nyumbu, ingawa hakuna nyumbu aliyechanjwa. Idadi yao ikapanda kutoka takriban 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi chache zilizobaki hazikuweza kubeba moto mkubwa. Moto ulipopungua, miche ya miti ilinusurika, na miti ikaongezeka. Chanjo ya ng'ombe iliotesha miti. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

12. Je, kila spishi ngeni ni spishi vamizi?

Hapana, na kosa hili huleta hofu isiyo na msingi. Mazao mengi tunayoyalima ni mageni mahali yanapolimwa na hayaenei bila mkulima. Spishi ngeni huitwa vamizi pale inapoenea yenyewe na kudhuru mfumo ilioingia.

Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Kwa takriban miongo miwili hakuonekana kuleta mabadiliko makubwa, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Ziwa lilikuwa na mamia ya spishi za samaki wadogo waitwao furu, wengi wasiopatikana kwingine, na inadhaniwa kwamba takriban 200 kati yao zilitoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Wakati huohuo sangara alijenga uvuvi mkubwa unaotegemewa na watu wengi. Mambo yote mawili ni kweli, na anayetaja moja tu hajaeleza lililotokea.

13. Kwa nini matumbawe hupauka?

Tumbawe ni mnyama, ingawa amekaa kama jiwe au mti. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana unaompa sehemu kubwa ya chakula chake na pia rangi yake, naye huupa makao na virutubisho. Maji yakizidi joto la kawaida kwa majuma, hata kwa nyuzi moja au mbili, uhusiano huo huvunjika na tumbawe huutoa mwani nje. Kinachobaki ni nyama angavu juu ya mifupa meupe. Tumbawe lililopauka bado halijafa. Maji yakipoa mapema, mwani unaweza kurudi, lakini joto likidumu litakufa kwa njaa. Miamba ya matumbawe ni chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, na inakadiriwa kwamba robo ya spishi za baharini huitegemea katika sehemu fulani ya maisha yao.

## Uchafuzi na mabadiliko

14. Kwa nini sumu iliyo kidogo sana majini huwa nyingi ndani ya samaki?

Zipo sumu ambazo mwili hauwezi kuzivunja wala kuzitoa upesi. Zebaki iliyogeuka methilizebaki hushikamana na protini. DDT, dawa ya kuua wadudu, huyeyuka katika mafuta ya mwili. Kiumbe akila kidogokidogo kila siku, sumu hukaa wakati nishati ya chakula ikitumika na kupotea. Kwa kuwa kila ngazi hula miili mingi ya ngazi iliyo chini yake (tazama swali la 5), sumu huzidi kukolea kadiri tunavyopanda, na anayekula juu kabisa hupokea iliyokolea kuliko zote.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye methilizebaki katika ghuba. Paka waliokula samaki walianza kupepesuka na kufa, na mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi kwa binadamu. Maelfu waliathirika, wakiwamo watoto waliozaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. DDT nayo iliyafanya maganda ya mayai ya ndege walao nyama na samaki, kama vile tai, kuwa membamba hata yakavunjika yakiatamiwa. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake kilimoni mwaka 1972.

15. Mbolea ni chakula cha mimea. Inawezaje kuua samaki?

Haiwaui kwa sumu, bali kwa kukosa hewa. Virutubisho vikifika majini kwa wingi, mwani hustawi hadi maji yakawa kijani na mwanga usipite. Mwani huo hufa, huzama, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki hukosa pumzi.

Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu kirutubisho kinachoanzisha hali hiyo. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake waliligawa ziwa dogo la Ontario, Kanada, kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni. Upande mmoja wakaongeza fosforasi. Upande huo uligeuka kijani, na picha iliyopigwa kutoka angani ilionyesha rangi mbili katika ziwa moja. Kwa maziwa ya maji baridi, picha hiyo ilisaidia kuwashawishi watunga sheria wapunguze fosforasi katika sabuni. Baharini, naitrojeni mara nyingi huwa na uzito zaidi.

16. Tundu la ozoni na ongezeko la joto ni tatizo moja?

Ni matatizo mawili. Ozoni iliyo juu angani huzuia mionzi ya urujuanimno, nayo iliharibiwa na gesi za klorofluorokaboni zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974, tundu juu ya Antaktika likatangazwa mwaka 1985, na Mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi hizo ukatiwa saini mwaka 1987. Ongezeko la joto husababishwa na gesi zinazozuia joto la ardhi lisitoke. Matatizo haya yanagusana mahali pamoja: klorofluorokaboni nazo ni gesijoto, na hivyo kuziondoa kumesaidia kote kuwili.

17. Hali ya hewa na tabianchi zinatofautianaje?

Hali ya hewa ni ya leo au ya juma hili. Tabianchi ni mwenendo wake uliopimwa kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30. Siku moja ya baridi kali haikanushi lolote kuhusu tabianchi, na siku moja ya joto kali haithibitishi.

18. Ikiwa mimea huhitaji hewa ya ukaa, ziada yake ina ubaya gani?

Kabla ya mapinduzi ya viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa. Charles Keeling alipoanza kuipima katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa takriban 315. Sasa imepita 420. Vipimo vyake vilionyesha pia jambo zuri la kutazama: kila mwaka kiwango hushuka majani ya kaskazini mwa dunia yanapochipua, na hupanda yanapooza. Mstari huo hupanda na kushuka kila mwaka, lakini kila kilele kiko juu kuliko cha mwaka uliotangulia.

Mimea mingi hukua upesi zaidi ikipewa hewa ya ukaa nyingi, maadamu maji na rutuba vipo. Lakini nafaka kadhaa zilizokuzwa hivyo zimeonekana kuwa na protini, chuma na zinki pungufu. Zaidi ya hayo, gesi hiyo huongeza joto, na karibu robo ya tunayoitoa huingia baharini, ambako imeshusha pH ya maji ya juu (kipimo ambacho kikishuka, asidi imeongezeka) kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini kipimo hicho ni cha logi, ambapo hatua moja nzima ni mara kumi, na maana yake ni ongezeko la ayoni za hidrojeni la karibu asilimia 30.

Kiini cha tatizo ni mwendo. Makaa ya mawe na mafuta ni kaboni iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka, nasi tunairudisha hewani kwa karne mbili au tatu.

## Maswali yenye utata

19. Mfumo-ikolojia ulioharibika hurejea wenyewe?

Hutegemea kilichobaki. Volkano ya Krakatau nchini Indonesia ililipuka mwaka 1883 na kuacha majivu. Wachunguzi waliofika mwaka uliofuata walimkuta buibui mmoja mdogo. Baada ya miongo michache kisiwa kilikuwa na msitu, kwa kuwa mbegu na wanyama walifika kwa upepo, kwa maji na kwa ndege kutoka visiwa vya jirani. Msitu uliokatwa lakini ukabakiwa na udongo, mbegu na visiki hurejea haraka zaidi.

Mambo matatu huzuia marejeo. La kwanza ni kupotea kwa udongo wa juu, ambao huweza kuchukua karne kadhaa kujenga sentimita chache. La pili ni kutoweka kabisa kwa spishi. La tatu ni mfumo kujishikiza katika hali mpya: ziwa lililokwisha kugeuka kijani (swali la 15) huweza kubaki hivyo miaka mingi hata mbolea ikizuiwa, kwa sababu tope la chini limehifadhi fosforasi na huendelea kuitoa.

20. Kuna mfumo-ikolojia usiotegemea jua?

Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wanasayansi walishuka takriban meta 2,500 na kukuta jamii nzima ya viumbe kuzunguka chemchemi za maji moto gizani. Wazalishaji wa huko ni bakteria wanaopata nishati kutoka kwa kemikali, hasa hidrojeni salfaidi. Hata hivyo, minyoo wakubwa wanaoishi na bakteria hao huhitaji oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo ilitokana na usanisinuru juu kabisa. Wapo bakteria wa miamba ya kina kirefu wasiohitaji hata hiyo, lakini wanyama bado wamefungamana na jua.

21. Je, tunaweza kuunda mfumo-ikolojia wetu wenyewe?

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Arizona, Marekani, katika jengo lililofungwa la vioo na chuma lenye eneo la takriban hekta 1.3, lililoitwa Biosphere 2. Watu wanane waliingia Septemba 1991 wakae miaka miwili, wakiwa na msitu, mbuga, bahari ndogo na mashamba. Ndani ya takriban miezi 16 oksijeni ilishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 14, kiwango kinachompata aliyepanda mlima mrefu, na ikabidi iongezwe kutoka nje mwanzoni mwa mwaka 1993.

Chanzo kilikuwa katika udongo. Ulikuwa umejazwa mboji nyingi ili mimea istawi, na bakteria walioiozesha walitumia oksijeni haraka kuliko mimea ilivyoitoa. Ajabu ni kwamba hewa ya ukaa iliyotokana na uozeshaji huo haikuongezeka kama ilivyotarajiwa, na kwa muda wahusika hawakujua oksijeni imekwenda wapi. Hatimaye walichimba vipande vya kuta na kuvipima. Zege lilikuwa limeifyonza hewa hiyo na kuigeuza kalisi kabonati, na oksijeni iliyokuwa ndani yake ikabaki imefungwa ukutani.